Hatua Nne za Mzee Thomasi

Tangu mkewe Nancy azikwe, Thomasi alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Shemeji yake wa nyumba ya juu akimletea mtori, alikula mtori. Akimletea loshoro, alikula loshoro, na ungeiondoa sahani kabla hajamaliza asingeuliza imekwenda wapi. Mwanawe Frederick, fundi wa friji anayeishi Kijenge, Arusha mjini, alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Baba, unaendeleaje?"

"Naendelea."

Wala hakudanganya. Alikuwa anaendelea. Alikata majani ya ng'ombe, alikamua, alipogoa migomba, alikaa benchi la mbele kanisani pamoja na wazee wenzake wa usharika. Ungemuuliza kama ana huzuni angefikiri kidogo halafu angesema hapana. Huzuni ni kitu, bwana, mtu anaweza kuishika akaisukuma huku na huku. Yeye hakuwa na kitu. Miaka miwili mizima.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na shamba lake la kahawa na migomba lilikuwa kwenye mteremko wa Meru, juu kidogo ya Tengeru, kandokando ya barabara ya udongo mweusi ambayo masika huifanya uji. Kaburi la Nancy lilikuwa hapo hapo ukingoni, hatua chache nyuma ya masale. Nancy mwenyewe ndiye aliyechagua. Nancy alikuwa mwanamke wa soko na wa maneno, na alipougua alisema, "Msiniweke huko nyuma kwenye migomba, nitakufa mara ya pili kwa upweke. Niwekeni karibu na barabara niwasikie wenzangu wakienda sokoni." Watu walicheka pale kitandani, naye akacheka. Wiki tatu baadaye wakamweka alipotaka.

Sasa, kwa asiyeijua milima yetu: isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu ya kijani. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Ndiyo mipaka yetu hiyo. Hatuhitaji ukuta wala seng'enge. Majirani wawili wakipanda masale mbele ya mashahidi, neno limekwisha. Tena isale lina kazi ya pili, kubwa kuliko hiyo. Aliyekukosea akija kwako na jani la isale mkononi, huna ruhusa ya kumkataa. Hata kama alikuchomea nyumba! Unapokea jani, unamsamehe, mnakaa chini. Ndivyo tulivyokuta, na sijaona mtu akilirudisha jani.

Thomasi alikuwa mtu wa masale. Baba yake alikuwa hivyo hivyo kabla yake. Ndugu wakigombea shamba walimwita yeye, alitembea, alichunguza mashina, alisema mpaka uko hapa, na watu walienda kulala. Hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

Na huyu huyu, jamani, ndiye aliyehamisha masale yake mwenyewe.

Alianza zamani, kahawa ilipokuwa na bei, na barabara ilipokuwa njia tu ya ng'ombe na Landrova ya mchungaji. Alitaka mstari mmoja zaidi wa kahawa. Mmoja tu! Masika yalipoingia alikata masale, akayachomeka nusu hatua kuelekea barabarani, akang'oa mashina ya zamani. Mwaka ule hakuna aliyeona. Akapumzika mwaka mmoja, mwaka uliofuata akasogeza tena. Alifanya hivyo kwa uvumilivu wa mtu anayejenga nyumba, mpaka zikatimia hatua nne, na mstari wa kahawa ukakaa vizuri ndani. Nancy aliona. Alimwambia mara moja tu, akiwa anapepeta mahindi, "Baba Frederick, unaihamia barabara." Thomasi akajifanya hajasikia, na Nancy hakurudia.

Lakini barabara haibanwi ikatulia. Ikibanwa huku, inakwenda kule. Magari yakakwepa masale ya Thomasi, yakapanda kingo za jirani wa ng'ambo, Hans, mume wa Violet. Kila masika ukingo wa Hans ulimeguka kidogo. Hans akaanza kusema. Alisema kilabuni, alisema kanisani baada ya sadaka, mwisho akapeleka shauri kwa wazee. "Barabara inanijia," alisema. "Iko siku itaingia jikoni kuomba chai."

Wazee wakacheka. Wakamwita mtu wa masale aseme. Thomasi akasimama mbele yao, akasema maneno matatu, "Masale yapo yalipo," akaketi. Hawakuuliza zaidi. Hans akatozwa mbuzi kwa kumvunjia heshima mzee wa kanisa, mbuzi akachinjwa, akaliwa, na Thomasi alikula mbavu. Tangu siku hiyo Hans akaitwa mgomvi. Akafa miaka minne baadaye na jina lake hilo.

Utauliza, basi mtu anayejua ardhi si yake anamzikaje mkewe hapo? Nami nilijiuliza, na nilikasirika. Lakini mjue Thomasi alivyokuwa. Aliyaheshimu masale kuliko kitu chochote duniani baada ya Biblia, na yalipokwisha kushika mizizi na kurefuka, aliyaamini. Aliyahamisha kwa mikono yake na bado aliyaamini. Siku ya kuchimba kaburi aliwaonyesha vijana mahali, akapima hatua kutoka kwenye masale kama kawaida yake, na hakukumbuka. Alikumbuka usiku wa matanga, watu wakiimba, na kwa kuwa tayari hakuwa anasikia chochote moyoni, alilala.

*

Mwaka huu fedha ya barabara ikapatikana. Kidogo. Injinia aliyekuja alikuwa binti anayeitwa Nalepo, mkazi wa Engutoto huko mjini, mwenye buti za matope na sauti isiyopaka mafuta.

"Wazee wangu, shikamooni," aliwaambia kwenye mkutano. "Nisiwadanganye. Fedha iliyopo ni ya kilomita mbili, kalavati tatu, na greda kwa siku sita. Siku ya saba greda linaondoka hata kama limebakiza kona. Fidia hakuna, hata ya mgomba mmoja. Mkitaka barabara ipanuke, ardhi mtatoa wenyewe. Mkitaka iwe imara, mawe mtabeba wenyewe na mitaro mtachimba wenyewe. Hamtaki, nafunga daftari, fedha inakwenda kijiji kingine."

Watu walipiga kelele. Loo, walipiga kelele! Halafu wakakubali, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kumwaga maziwa yaliyochachia njiani, na kila mama alijua jinsi ilivyo kubebwa kwa machela mpaka lami tumbo likiwa limeshuka. Mwenyekiti wa kijiji, Ezra, akapigisha kura ya mikono. Kila nyumba itoe ardhi sawa na nyumba ya ng'ambo yake, kipimo kianzie kwenye masale. Kila Jumanne msaragambo: wanaume mitaro, wanawake mawe, na asiyekuja alete chakula.

Thomasi alifika kila Jumanne. Aliyapanga mawe mtaroni vizuri kuliko vijana. Nalepo alimsifu, naye akasema, "Asante, mwanangu," akainama kuchukua jiwe lingine.

Siku ya kupima ikafika kwao. Nalepo alivuta tepu kutoka kwenye masale ya Thomasi mpaka ng'ambo, akaandika, akavuta tena. Upana haukutosha. Kila upande ungetoa mita moja na nusu. Upande wa Thomasi ingekwenda kahawa kidogo, kaburi la Nancy lingepona kwa kiganja. Upande wa Violet lingekwenda jiko.

Violet alikuwa amesimama mlangoni pa jiko hilo, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono na unga. Jiko la tofali za kuchoma. Hans alilijenga mwaka wake wa mwisho, akipumzika kila baada ya tofali tatu.

"Halivunjwi," alisema Violet.

"Mama Penina," Ezra akaanza kwa upole, maana Penina ndiye mwanawe wa kwanza, "tulikubaliana sote."

"Tulikubaliana kutoa kilicho chetu. Mimi nimeshatoa. Hans alisema barabara inamjia, mkamcheka."

"Jambo hilo lilikwisha, mama."

"Lilikwisha kwa mbuzi wetu! Mlikula mkanawa."

Baadhi ya watu wakainamisha macho, wengine wakaguna. Ezra alijipangusa jasho. Greda lilikuwa tayari linangurumia kona ya chini, siku yake ya pili. Akafanya ambalo yeyote kati yetu angefanya. Alikwenda kwenye masale, akachuma jani, akampa Thomasi mkononi.

"Mzee, wa kale wote wamekwisha, umebaki wewe. Shika isale uape, utuambie. Masale haya ndiyo yenyewe?"

Watu walikuwa labda arobaini, na majembe yao. Thomasi alilitazama jani, akatazama ng'ambo, akatazama kaburi la mkewe lililosakafiwa kwa saruji, na jina lake, na tarehe. Alijua kinachotakiwa. Maneno yale yale matatu, na Nancy analala.

"Masale niliyahamisha mimi," alisema. "Hatua nne."

Alisema vile mtu anavyosema maziwa yamekatika. Halafu, kwa kuwa walikuwa wamemkodolea macho tu, alichukua jembe la aliyekuwa karibu, akaingia shambani, akapita kaburi, akapita mstari wake wa kahawa, akahesabu kimoyomoyo na kuchimba. Chini kidogo akafikia mkaa na kigae cha chungu. Baba yake alikizika pale chini ya isale la kwanza, ili mpaka ujulikane hata masale yakifa. Akakiweka juu ya udongo watu wakione.

Baadaye walisema alikuwa jasiri. Ujasiri gani! Mwenye ujasiri ni yule anayeogopa. Thomasi alisimama pale na mbele ya watu arobaini hakusikia hata aibu.

Violet aliingia jikoni akafunga mlango.

Nalepo alipima upya kutoka kwenye kigae. Alipima mara mbili, kisha akamsogelea Thomasi na kushusha sauti.

"Babu, ukweli ni kwamba ardhi yote inayotakiwa iko upande wako. Kaburi litakuwa mtaroni."

"Naam."

"Ila nikipata mita moja na nusu kutoka kwa mama huyu, kwa hiari yake, kaburi linabaki. Ni hiari yake, simlazimishi. Greda litafika hapa Ijumaa asubuhi. Nipe jibu Alhamisi."

Ezra alisikia. Akamshika Thomasi bega. "Basi rahisi, mzee. Nenda na isale. Mama Penina hawezi kukataa. Hakuna anayeweza."

*

Alhamisi asubuhi Thomasi alivaa koti la kanisani, akachuma jani la isale, refu, lisilo na doa, akavuka barabara. Alipofika kwenye geti la Violet alisimama. Alisimama muda mrefu mpaka mbwa akachoka kubweka. Halafu akalichomeka jani kwenye ua, kwa nje, akaingia mikono mitupu.

Violet alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka.

"Habari za asubuhi, Mama Penina."

"Isale liko wapi?"

"Sikuja nalo."

"Kijiji kizima wanajua unakuja na isale. Ezra amepita hapa jana kuniandaa nipokee. Liko wapi?"

"Nimeliacha nje."

"Kwa nini?"

Thomasi alifikiri. Alikuwa amefikiri njia nzima, na njia ni hatua ishirini. "Hans hakupewa nafasi ya kusema hapana," alisema. "Nikija nalo, na wewe utakuwa hukupewa. Nimekuja kukuambia nilikosa. Nilimwibia barabara, nikamwibia jina, nikala mbuzi wake. Na nimekuja kukuomba mita moja na nusu Nancy abaki. Ukitaka kukataa, uweze."

Violet akachambua. Jiwe moja, akatupa. Haragwe bovu, akatupa.

"Unajua alivyokufa?" alisema mwishowe. "Alikuwa ananiuliza. Mama Penina, labda kweli nilikosea? Labda barabara haikusogea? Mtu mzima, Baba Frederick, anakufa hajui kama macho yake mwenyewe yalimdanganya. Nami nikamwambia, hukukosea, baba. Lakini na mimi sikuwa na hakika. Kwa sababu ni wewe uliyesema." Sasa alikuwa analia na bado anachambua. "Nancy nilimpenda. Kila Jumamosi tulishuka sokoni pamoja, ndizi zangu kichwani, zake kichwani, tunacheka mpaka tunakaa chini. Ungekuja na isale ningekusamehe, maana ningefanya nini? Hukuja nalo."

"Sikuja nalo."

"Basi nakataa."

"Sawa."

"Mita sitoi. Na wewe sikusamehe."

"Nimesikia, mama. Asante."

Alitoka. Alipofika getini akaliona lile jani, likiwa bado bichi, na hapo ndipo kitu kikampiga chini ya mbavu, upande wa kushoto, akashika mti wa geti. Alidhani ni moyo, ule wa hospitali. Alisubiri kuanguka. Hakuanguka. Ilikuwa inauma tu, jamani, ilikuwa inauma kama jipu, na ilichukua dakika nzima kabla hajajua kwamba hicho ndicho watu wanachokiita kuumia.

*

Kibali cha kuhamisha kaburi kilipatikana upesi kwa sababu Ezra alikimbia nacho mwenyewe. Alhamisi hiyo hiyo jioni, jua halijazama, bwana afya alikuja, Nalepo akaja, mchungaji akaja, Frederick akaja kutoka Kijenge, amekasirika hasemi na baba yake. Vijana wakavunja saruji. Jeneza lilikuwa bado zima. Huko nyuma ya nyumba, ndani kabisa ya migomba, shimo jipya lilikuwa tayari. Thomasi ndiye aliyewaonyesha mahali. Alikuwa amechagua pa mbali ili greda lisimfikie tena.

Walikuwa wamelibeba jeneza hatua kumi hivi Violet alipotokea. Kitenge kile kile, jembe begani. Watu wakampisha. Thomasi akamwendea.

"Mama Penina, asante kwa kuja."

"Nimekuja kwa Nancy. Sikuja kwako." Kisha akawageukia wabebaji. "Nyie mnampeleka wapi?"

"Kule nyuma, mama. Shimo liko tayari."

"Kwenye migomba? Nani kawaambia? Alisema asiwekwe kwenye migomba! Alisema mbele yetu sote, mimi nilikuwepo, mchungaji ulikuwepo. Huko barabara ataisikiaje?" Akamtazama Thomasi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na mshangao mtupu. "Umesahau, Baba Frederick?"

Alikuwa amesahau. Katika mambo yote ambayo Nancy aliwahi kumwomba, na hayakuwa mengi, alikuwa amesahau hilo.

Violet alitembea mpaka kwenye kigae. Akarudi ndani hatua mbili kutoka hapo, upande ulio halali, akasimama mbele ya mstari wa pili wa kahawa, ule wa baba yake Thomasi, uliokuwa unazaa kuliko yote. Akapiga jembe chini.

"Hapa. Ng'oeni."

Vijana wakamtazama Thomasi. Thomasi akavua koti, akachukua jembe mkononi mwa Violet, akaanza kung'oa yeye mwenyewe. Mizizi ya kahawa ya miaka arobaini si mchezo. Aling'oa shina la kwanza, aling'oa la pili, na katikati ya la tatu alianza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mate na kamasi, mbele ya mchungaji na bwana afya na injinia wa watu. Frederick akaja akachukua jembe la pili. Wakachimba wote wawili mpaka shimo likatosha, na Nancy akalala mara ya pili, barabara iko hatua mbili kutoka miguuni pake.

Greda lilipita Ijumaa. Barabara leo ni pana, ina kifusi kilichoshindiliwa na mitaro ya mawe, na gari la maziwa linapanda hata masika. Jiko la Hans lipo. Wazee waliitana, wakamrudishia Violet mbuzi jike mwenye mimba, wakatamka mbele ya kanisa kwamba Hans alisema kweli. Thomasi haitwi tena kwenye mipaka.

Violet hajamsamehe. Jumamosi alfajiri anashuka sokoni na ndizi zake, na akifika pale anasimama kidogo. "Habari za asubuhi, Nancy," anasema kwa sauti. "Leo ndizi mshale zimepanda bei, ungezifaidi." Kisha anaendelea na safari yake. Thomasi huwa amesimama pale pale kando ya kaburi, hatua mbili tu kutoka kwake, na hasalimiwi. Inamuuma kila mara. Na kila Jumamosi anaamka mapema, anavaa koti, anatoka kwenda kusimama hapo.